Wazazi pembeni ya uwanja: wanyamazishwe au waachwe washangilie?

Katika netiboli, mchezaji akishadaka mpira ana sekunde tatu tu za kuutoa. Nenda kwenye mechi yoyote ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, ngazi ya kata, uone sekunde hizo zinavyoliwa. Mwalimu anasema "tulia", shangazi nyuma ya mstari anapaza sauti "rusha mbele!", jirani yake tayari anamlaani mwamuzi. Binti wa miaka 11 anageuza shingo kumtafuta mwenye sauti. Filimbi inalia, mpira unakwenda kwa wapinzani, na shangazi huyohuyo ndiye wa kwanza kusema mtoto hana akili ya mchezo.

Ndiyo maana hoja ya kuwanyamazisha watazamaji ina wafuasi. Uingereza, chama cha soka, FA, kilianzisha kampeni ya Respect mwaka 2008, na mojawapo ya hatua zake ni kuwaweka wazazi nyuma ya kamba, mbali kidogo na chaki. Baadhi ya ligi za watoto huko na Marekani zimekwenda mbali zaidi: zina siku ambazo mzazi haruhusiwi kupiga kelele, makofi tu. Watetezi wake wanasema mtoto hujifunza kuamua mwenyewe, na mwamuzi chipukizi hakimbii kazi mapema. Siwapingi.

Ila kwetu nusu ya shule inakuja uwanjani kuimba. Ukiondoa ngoma na vigelegele, unabaki na matanga. Tena wimbo haumwelekezi mtoto pa kurusha mpira, wala haumtaji kwa jina aliyekosa penalti. Wanaotaka ukimya wanachanganya shangwe na amri.

Na watu wetu wanajua kunyamaza. Kuna mpira wa goli wa wasioona: mpira una kengele ndani, wachezaji wanaufuata kwa masikio, na jukwaa linatulia mpaka mchezo usimame. Sababu inaeleweka, basi.

Lipo jambo ambalo mahubiri ya ustaarabu hulikwepa: vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri wanaochomekwa kwenye timu za watoto. Mzazi anayemwona beki mwenye ndevu akimkaba mwanawe wa darasa la sita ana haki ya kukasirika. Kumwambia apige makofi wakati hakuna aliyewahakiki wachezaji kabla ya mechi ni kumwonea. Tatizo ni kwamba matusi yake humwangukia huyo beki, ambaye hakujileta. Waliomleta mamluki huyo wamekaa kwenye benchi, kimya kabisa, wamevaa fulana za shule. Rufaa dhidi ya vijeba ikisikilizwa kabla mpira haujaanza, nusu ya kelele hizo zinakosa kazi.

Nusu nyingine ni ya wakorofi, na hao kanuni za soka haziwafikii moja kwa moja. Tangu 2019 mwamuzi anaweza kumpa kocha kadi ya njano au nyekundu. Shabiki hana kadi. Dawa yake ni kusimamisha mechi au kuivunja. Lakini mwamuzi wa mechi ya kata mara nyingi ni mwalimu wa shule jirani, atakayepanda daladala moja na hao waliomtukana. Atakayethubutu kuisimamisha ni nani? Mimi ningeanza hapo: mwamuzi atoke kata nyingine, na mwalimu mmoja kila shule apewe jina la mtunza mashabiki, awatoe watu wake mwenyewe.