Kabla ya Bei, Uliza Nyumba Ina Watu Gani

Sikiliza maswali ya kwanza ambayo mtu anamuuliza dalali anapotafuta nyumba Dar es Salaam. Bei ya mwisho ni ngapi? Vyumba vingapi, kuna masta? Gari linafika mpaka getini? Maji ya DAWASA yapo au mnatumia kisima? Hati huulizwa mwishoni kabisa, na dalali akijibu "ipo, kila kitu safi," mnunuzi anashusha pumzi na mazungumzo yanarudi kwenye bei.

Maswali hayo yana maana, na mimi mwenyewe ningeyauliza yote. Ninachopinga ni mpangilio wake. Ukuta ukipasuka, fundi yupo. Chemba ikijaa, gari la majitaka linaitwa. Lakini akijitokeza mtu mwenye haki yake ndani ya nyumba uliyokwisha kulipia, hapo hakuna fundi wa kumpigia simu. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla hujapima sebule kwa macho, ni hili: zaidi ya huyu anayeniuzia, ni nani mwingine ana sauti juu ya nyumba hii?

Anza na mwenzi wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hilo wengi wamelisikia. Wasilolijua ni kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inamgeukia mnunuzi na kumbebesha wajibu wa kuuliza kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Muuzaji akikudanganya, mwenzi ambaye hakuridhia anaweza kutaka mauziano yale yabatilishwe. Kwa hiyo kile unachoogopa kitaonekana ni umbea wa kuingilia ndoa za watu ni wajibu wako kisheria.

Najua ni vigumu. Mzee wa watu amekukaribisha kwake, amekuagizia soda, halafu wewe uanze kumuuliza habari za mkewe. Uliza hivyo hivyo, kwa adabu: "Mzee wangu, samahani, tungependa kuonana na mama kabla ya kuandikishana." Akisema waliachana, omba kuona talaka. Akisema hajawahi kuoa, aape kwa maandishi mbele ya wakili. Akiwa na wake wawili, ridhaa ya mmoja haimfungi mwingine, maana kifungu hicho kinataja mwenzi au wenzi. Muuzaji mkweli anaweza kununa kidogo, lakini atawaleta. Anayefoka na kukuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu, mwache amsubiri huyo mteja.

Nyumba za urithi ndizo zinazonitia hofu zaidi. Magomeni, Temeke, Ilala, Kariakoo, nyumba nyingi zilijengwa na babu au baba ambaye ameshafariki, na sasa watoto wanataka kuuza wagawane. Kuuza si kosa. Tatizo ni kwamba familia nyingi zinaamini muhtasari wa kikao cha ukoo unatosha. Hautoshi. Kikao kinapendekeza jina tu, na mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Kama mirathi ilifunguliwa mahakama ya mwanzo, msimamizi anakuwa na Fomu Namba 4, inayothibitisha uteuzi wake. Asiye na uteuzi wa mahakama hana mamlaka ya kukuuzia hata tofali, awe mtoto wa kwanza, awe ndiye aliyemuuguza marehemu miaka yote. Na hata huyo msimamizi anashika mali kwa niaba ya warithi. Nyumba haikugeuka kuwa yake.

Niliwahi kumsindikiza mama yangu mdogo kuangalia nyumba ya namna hiyo Temeke. Vyumba vinne, uwani mwembe, bei nzuri. Kaka mkubwa ndiye aliyezungumza. Alitoa bahasha ya kaki, ndani yake hati yenye jina la marehemu baba yao na muhtasari wa kikao wenye majina ya watoto wote na sahihi pembeni ya kila jina. Binti mdogo wa familia alileta maji ya kunywa, akasimama mlangoni bila kuketi. Mama mdogo akayasoma majina taratibu kwa kidole, kisha akamwinulia uso yule binti: "Na wewe mwanangu, siku ya kikao ulikuwepo?" Binti akamtazama kaka yake kwanza. Akasema hakuwepo, alikuwa Tabora. Sahihi yake ilikuwa pale, kwa wino uleule na mwandiko uleule wa sahihi iliyo juu yake. Mama mdogo akairudisha karatasi kwenye bahasha, akawapa pole ya msiba, tukaondoka. Ubora wa mwembe na upana wa vyumba havikuzungumzwa tena.

Ningependa kila mnunuzi afanye kama alivyofanya yeye: akutane na warithi uso kwa uso, mmoja mmoja ikibidi, na awaulize wenyewe. Sahihi kwenye karatasi haikwambii kama mtu ameridhia moyoni, ameshinikizwa, au hata kama ndiye aliyesaini. Na usidhani mambo hufifia haraka. Muda wa kufungua madai ya ardhi kwa sheria zetu ni miaka 12. Mtoto aliyekuwa shuleni wakati wewe unanunua anaweza kurudi akiwa mtu mzima, na wewe umeshaweka vigae na geti jipya.

Baada ya ndugu, benki. Kama nyumba ina hati, nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukafanye upekuzi rasmi. Unajaza ombi, unalipa ada ndogo ukilinganisha na unachotaka kununua, na majibu yanakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani, na kama kuna mtu ameweka zuio. Nenda mwenyewe au mtume wakili unayemlipa wewe. Usipokee majibu ya upekuzi kutoka mkononi mwa dalali, kwa sababu dalali analipwa biashara ikifanyika, haambulii kitu ikivunjika. Na ukiambiwa hati halisi "iko kwa mwanasheria" huku ukipewa kivuli chake, shuku kwamba iko benki imeshikilia mkopo.

Jambo moja hapa hulisikii mara nyingi: fanya upekuzi mara ya pili, siku chache kabla ya kutoa fedha. Kati ya siku ya kuelewana na siku ya kulipa huweza kupita miezi, na ndani ya miezi hiyo rehani inaweza kuandikishwa au ndugu akaweka zuio lake. Majibu ya upekuzi yanasema hali ilivyokuwa siku ile tu.

Sehemu kubwa ya jiji, hata hivyo, haijapimwa, na nyumba inauzwa kwa mkataba wa mauziano uliogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, au kwa leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kuishi kwenye eneo lisilopimwa. Sisemi usinunue huko, maana watu wengi wa kipato chetu wamepata makazi huko huko na wanaishi vizuri. Ila elewa kwamba mhuri unaonyesha tu kuwa viongozi walishuhudia, na haukupi umiliki ambao muuzaji mwenyewe hakuwa nao. Omba mnyororo mzima wa mikataba: huyu alinunua kwa nani, na yule kwa nani, mpaka mfike kwa mwenye shamba la mwanzo. Kisha gonga hodi kwa majirani wa pande zote. Waonyeshe mipaka, waulize kama kuna kesi barazani au mahakamani. Majirani wanajua mengi kuliko karatasi, na wengi watakuambia ukienda bila dalali.

Mwenye sauti mwingine ni serikali, na huyu haonekani kabisa siku unapokagua nyumba. Kwa sheria ya Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na sisi tunapewa haki ya kuitumia, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Uliza imebaki mingapi, na kodi ya pango la ardhi inadaiwa ya miaka mingapi, maana deni hilo hukwamisha uhamisho. Uliza pia mstari wa hifadhi ya barabara unapita wapi. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Zilikuwepo nyumba zenye umeme na maji, zenye wapangaji, za watu walioishi hapo miaka mingi. Kuunganishiwa umeme hakujawahi kuwa ushahidi kwamba umejenga mahali halali.

Mito vilevile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na fukwe. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoikumba Dar es Salaam, familia kutoka Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto. Kwa hiyo ukiipenda nyumba mwezi wa Agosti, kila kitu kikavu, rudi uitazame Aprili wakati wa masika. Au chungulia ukuta chini ya dirisha, nyuma ya kabati, mahali ambapo rangi mpya haikufika vizuri. Mstari wa unyevu huwa haufutiki kirahisi.

Fedha nazo zina swali lake. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana mali ikiuzwa, ni ya muuzaji, lakini isipolipwa uhamisho haukamiliki, na anayebaki ameumia ni wewe. Iandikeni kwenye mkataba nani analipa, na bakisha sehemu ya malipo mpaka hati isome jina lako. Ukishawishiwa kuandika bei ya chini ili kodi ipungue, kataa. Licha ya kwamba ni kuikosesha serikali mapato yake, siku ya mgogoro utakachoweza kudai ni kile kilichoandikwa.

Swali la mwisho unajiuliza wewe mnunuzi: jina la nani litaandikwa? Ndugu zetu walioko Muscat au Minnesota, hasa waliochukua uraia wa nchi nyingine na ambao kwa miaka mingi sheria haikuwaruhusu kumiliki ardhi kama raia, mara nyingi huandikisha jina la kaka au shemeji. Kwa maana hiyo wamemnunulia shemeji. Na hapa nyumbani, mume anajiandika peke yake wakati mke amechangia kwa vikoba, kwa genge, kwa miaka ya kupika na kulea. Mahakama ya Rufani ilishatamka mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kumwacha nje ya hati ni kuwaandalia watoto kesi. Waandikwe wote wawili, mume na mke, siku ileile ya uhamisho, kabla hakijahamishwa hata kitanda.