Kipimo cha PET kihesabiwe na upasuaji kilioepusha

Wanaosita kuwekeza katika upigaji picha wa molekuli wana hoja nzito. Mashine ya PET, inayoonyesha ugonjwa kwa kufuata dawa yenye mionzi anayodungwa mgonjwa, ni ghali, na dawa hiyo haihifadhiki: florini-18, elementi ya mionzi iliyomo, hupungua nusu kila dakika 110, hivyo hospitali iliyo mbali na saiklotroni, mtambo unaoitengeneza, yaweza kubaki na mashine isiyo na dawa. Tena, kuuona uvimbe mapema si kumrefushia mgonjwa maisha.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua, kwa sababu inadhani picha hutafuta ugonjwa wa kutibu tu. Mara nyingi kazi yake kubwa ni kumwepusha mgonjwa na tiba isiyomfaa. Utafiti wa PLUS wa Uholanzi, uliochapishwa 2002, uliwagawa kwa kura wagonjwa 188 walioshukiwa kuwa na saratani ya mapafu. Kwa waliopimwa kwa njia za kawaida, asilimia 41 walifanyiwa upasuaji wa kifua ambao haukuwafaa. Kwa walioongezewa PET, asilimia 21. Hebu tuitazame tofauti hiyo: katika kila wagonjwa watano, mmoja hakupasuliwa kifua bure. Hakutanuliwa mbavu, hakuuguza kidonda kwa wiki kadhaa, ili mwishowe aambiwe saratani ilishasambaa. Tukihesabu miaka ya kuishi peke yake, mtu huyu haonekani popote, na gharama za upasuaji ule nazo hazionekani.

Hofu ya mionzi nayo ina majibu. Katika utafiti wa proPSMA wa Australia (2020), kwa wanaume 302 wenye saratani ya tezi dume, PET inayoitafuta PSMA, protini iliyo kwa wingi kwenye seli za saratani hiyo, ilipatia kwa asilimia 92, dhidi ya 65 za CT (picha za eksirei za vipande vya mwili) na skani ya mifupa zikiunganishwa, tena kwa mionzi pungufu ya nusu.

Sasa molekuli inayoitafuta PSMA hubebeshwa luteti-177, elementi ambayo mionzi yake huua seli za saratani, tiba iliyoidhinishwa Marekani 2022. Katika majaribio yake, muda wa wastani wa kuishi ulipanda kutoka miezi 11.3 hadi 15.3, na wagonjwa walichaguliwa kwa PET. Hapo picha na maisha havitenganishiki tena.

Udhaifu wa kweli uko kwenye ugavi. Kinu cha nyuklia cha Chalk River, Kanada, kiliposimama 2009 kwa zaidi ya mwaka, teknishiamu, elementi ya mionzi inayotumika katika skani nyingi kama ile ya mifupa, iliadimika duniani. Kwa hiyo fedha zianzie kwenye vinu, saiklotroni na wataalamu wa dawa hizi, kabla ya mashine mpya za kupiga picha mwili mzima kwa mkupuo.