Mabomu Yaliyoangukia Msituni

Kila mwaka, siku ya gwaride la makadeti katika chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, ndege za kivita hupita chini kabisa juu ya nyumba zetu hapa Free Area, mabati yakatetemeka na kuku wakakimbilia uvunguni mwa meza za mboga. Safari iliyopita binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alitoka mbio na kikombe cha chai mkononi akitazama juu. Jirani yetu, mzee anayetengeneza jenereta na pampu za maji kando ya geti letu, hakuinua hata kichwa. Aliendelea kukaza nati, kisha akasema taratibu, "Injini mbili hiyo. F-5."

Sekunde chache baadaye zikatokea. Masikio yake yalikuwa yamezitambua kabla ya macho yetu.

Tumekuwa majirani kwa miaka tisa. Nilijua alikuwa fundi wa ndege katika Jeshi la Anga hadi Agosti 1982, lakini nililijua hilo kwa watu wengine. Kwake mwenyewe, yale maneno machache yalikuwa ya kwanza kuyasikia.

Jioni hiyo binti yangu alinisimulia hadithi ya rubani aliyoiona kwenye simu ya mama yake. Ni ya kweli, na ni nzuri sana. Tarehe 20 Desemba 1943, ndege ya Marekani aina ya B-17, iliyorushwa na kijana aitwaye Charlie Brown, ilikuwa ikitoka kupiga mabomu mji wa Bremen, Ujerumani. Ilikuwa imetobolewa vibaya, mpigaji bunduki wa mkiani amekufa, wengine wamejeruhiwa. Rubani Mjerumani, Franz Stigler, aliifikia akiwa na kila sababu ya kuimaliza. Alipokaribia aliona kupitia matundu jinsi wale vijana walivyokuwa wakihudumiana. Hakufyatua risasi. Aliruka ubavuni mwao hadi juu ya bahari, akapiga saluti, akageuza.

Wote wawili walinyamaza. Stigler angeweza kushtakiwa na kuuawa na jeshi lake. Brown aliwaeleza wakubwa wake, wakamwambia asilizungumze. Miaka zaidi ya arobaini baadaye Brown, akiwa mzee, alianza kumtafuta yule Mjerumani. Walikutana mwaka 1990, wakawa kama ndugu, na wakafariki mwaka mmoja, 2008. Binti yangu aliyajua haya yote, mpaka ile saluti.

Nikamwuliza, "Na Meja Mutua je?"

"Mutua yupi, Baba?"

Sikumlaumu. Shuleni hajafundishwa, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumsimulia. Basi nikamsimulia, na ninaiandika hapa kwa sababu naamini hii ndiyo hadithi kubwa kuliko zote za marubani wa Kenya, na tumeiacha iote kutu.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa Jeshi la Anga waliasi. Miezi miwili hivi kabla, katiba ilikuwa imebadilishwa na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na manung'uniko yalikuwa mengi kambini na mitaani. Kabla ya kupambazuka waasi walikuwa wameishika Sauti ya Kenya, redio ya taifa, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kusoma kwamba serikali imepinduliwa. Wengi wanalikumbuka tangazo hilo. Kilichotokea Nanyuki hakikumbukwi hivyo.

Kambi ya Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ndiko zilikokuwa F-5, ndege za Marekani ambazo Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1978. Pale, waasi wakiongozwa na koplo mmoja waliwakamata marubani watatu: Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Amri ilikuwa fupi. Warushe F-5 mbili na ndege nyingine ya kivita, Strikemaster moja, waende Nairobi, wakapige mabomu Ikulu na makao makuu ya GSU, kikosi maalum cha polisi. Koplo mwenyewe akapanda katika moja ya ndege hizo kuhakikisha hawageuki.

Hebu tulia hapo kidogo. Ikulu ya Nairobi imezungukwa na shule, hospitali na mabweni ya wanafunzi wa chuo kikuu. Makao makuu ya GSU yako Ruaraka, mitaa ya watu imeyabana kila upande. Ilikuwa Jumapili, watu wengi wako nyumbani. Na kutoka Nanyuki hadi Nairobi, kwa ndege ipitayo kasi ya sauti, ni mwendo wa dakika chache. Chochote ambacho marubani hao wangefanya, ilibidi wakifanye ndani ya dakika hizo, na bunduki imo ndani ya chombo.

Mutua alijua jambo moja ambalo mshika bunduki hakulijua: mwili usiozoea ndege ya kivita haujiwezi. Ndege ikikata kona kali kwa kasi, kila kitu ndani yake huongezeka uzito. Uzito ukizidi mara tano, mtu wa kilo 70 hujihisi ana kilo 350. Mkono hauinuki, sembuse kulenga bunduki. Damu huukimbia ubongo na kushukia miguuni, macho yakaona kijivu, kisha giza tupu. Rubani huvaa suruali maalum inayojaa hewa na kumbana mapaja na tumbo ili damu isishuke, na hufunzwa kukaza misuli na kupumua kwa vipande. Koplo hakuwa amefunzwa hayo.

Kwa redio, Mutua akawaambia wenzake wazungushe ndege. Wakazipindua na kuzipandisha na kuzishusha mpaka yule mtu akawa hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Mabomu wakayaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya, wakarudi Nanyuki.

Nairobi ilimwaga damu siku hiyo hata hivyo. Watu wengi walikufa, wanajeshi na raia. Lakini kutoka angani hakikuanguka kitu.

Ninapomsimulia mtu, wakati mwingine hunijibu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naheshimu hofu iliyo nyuma ya maneno hayo, maana nimekua nikiisikia. Huku kwetu, kutoka Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, kuna nyumba nyingi ambako mwaka 1982 hutajwa kwa sauti ya chini. Jeshi la Anga lote lilivunjwa, waasi na wasio waasi wakakusanywa pamoja. Hata kamanda wake, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne kwa kosa la kutozuia uasi. Jeshi jipya likaitwa '82 Air Force, jina lililobeba aibu ya mwaka huo, na jina la zamani halikurudi hadi 1994. Vijana waliokuwa wakijua kuifungua injini ya ndege na kuifunga tena wakarudi vijijini na sanduku moja la nguo, wasipate kazi, kwa sababu kila mwajiri aliogopa. Baadhi yao hawakufanya lolote siku ile zaidi ya kuamkia zamu. Lakini mganga gani huganga bila kuuliza panapouma?

Na hapa ndipo ninapowakosoa wanaosimulia habari za 1982 kana kwamba ni za waasi na rais peke yao. Ukizika mwaka mzima kwa sababu ya aibu, unawazika na watu waliostahili kuimbwa. Marubani wale watatu hawakumuua mtu. Waliambiwa waue, wakatumia ujuzi wao wote ili wasiue, na nchi hii haina hata sanamu yao, achilia mbali ukurasa katika kitabu cha darasa la saba. Nataka hadithi yao iwemo humo. Nataka makadeti wa Lanet wanaopita mbele ya mimbari kila mwaka wawe wanaijua kama wanavyojua wimbo wa taifa. Na nataka mafundi, ambao hakuna anayewauliza kitu, waulizwe wangali hai. Kijana aliyekuwa na miaka 22 mwaka ule amekwisha kuvuka sitini.

Hadithi ya Stigler imefika hadi simu ya mke wangu hapa Free Area kwa sababu mzee mmoja alikataa kufa kabla hajauliza.

Jumamosi iliyopita binti yangu alimpelekea jirani yetu mandazi, akasimama pale kwenye karakana akimtazama. Kisha akamwuliza moja kwa moja, kama watoto wanavyouliza, "Babu, wewe ulikuwa wapi siku ya mabomu?"

Nilikuwa getini. Moyo ulinipasuka, nikataka kumwita arudi. Mzee alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, kidole kimoja kimoja, akachukua muda. "Nilikuwa na spana mkononi, mama," akasema. "Namba kumi na tatu. Waliponishika, niliingia nayo kwenye lori, mpaka wakaninyang'anya."

Akala andazi moja, akarudi kwenye jenereta yake.

Nimenunua daftari la kurasa 96 pale Pipeline. Ukurasa wa kwanza una tarehe, jina lake, na hiyo spana namba kumi na tatu. Binti yangu ameshaandika maswali saba upande wa pili, na Jumamosi ijayo mandazi tutapeleka wote wawili.