Kamba ya Mita 60: Watoto wa Nyumbani na Somo la Maji Kigoma

Jumatano moja ya mwezi Machi nilifuatana na mdogo wangu wa kike, anayewasomesha wanawe nyumbani hapa Kigoma, pamoja na familia nyingine tatu za mtindo huohuo. Watoto kumi na mmoja, mada moja: utunzaji wa maji. Tulianzia mwaloni Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kisha tukakifuata kijito hadi vilimani juu ya mji. Wanangu mimi walikuwa shuleni.

Jioni jirani yangu, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, aliniuliza maswali mawili. Kwa nini watoto wanazunguka saa nne asubuhi wakati wenzao wako darasani? Na mtoto wa Kigoma afundishwe kubana maji ya nini, ilhali ziwa liko mlangoni? Nimeyabeba maswali hayo mpaka leo, kwa sababu yote mawili yana uzito.

Nianze na la ziwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na hubeba karibu asilimia 17 ya maji yasiyo na chumvi yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha yaliyoganda barafu. Mtoto anayeoga Kibirizi hawezi kuamini kwamba maji yanaisha, na hakosei. Ila akipanda nyumbani mlimani anakuta bomba kavu na madumu yamepangwa foleni tangu alfajiri. Maji ya ziwa lazima yavutwe, yasafishwe, yapandishwe, na kila hatua inakula umeme na fedha. Lita inayovuja njiani imeshagharamiwa. Kwa hiyo Mzee yuko sahihi kiasi: tukiishia kumfundisha mtoto wa hapa kufunga koki, tumempa somo dogo.

Somo kubwa lilikuwa kwenye tope. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mpwa wangu alichota chupa moja ziwani, mbali kidogo na mitumbwi, na nyingine kwenye kijito, akaziweka mezani kwao. Kesho yake asubuhi aliniita, "Mjomba, njoo uone." Ya ziwani ilikuwa inapitisha mwanga. Ya kijito ilikuwa na tope jekundu chini, unene wa vidole viwili, na juu yake utando mwembamba mweusi wa majivu ya mashamba yaliyochomwa. Tope hilo linashuka ziwani na kufunika mawe ya ufukweni ambako samaki wadogo hula na kuzaliana. Hakuna aliyemwambia mtoto yule kwamba maji huharibikia kilimani kabla hayajafika ziwani. Aliliona mwenyewe.

Hapa nawapa haki wanaosomesha nyumbani. Darasa lililojaa, mwalimu mmoja, vipindi vya dakika arobaini: nani atapanda kilima kutafuta chanzo cha tope? Tulikaa karibu saa nzima chini ya paa moja la bati tukipiga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 800. Hata ikipotea moja ya tano, zinabaki 640, yaani madumu 32 ya lita 20. Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza alisema hajawahi kulitazama paa lake hivyo. Sijaona shule iliyompa mtoto nafasi ya kukaa na hesabu moja muda wote huo.

Lakini kilichotokea baadaye ndicho kilichonigeuza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa, shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru chanzo hicho. Watoto walikuja na kamba iliyopimwa mita 60. Wakaifunga kwenye mti kandokando ya kijito, wakaivuta. Ndani ya kamba kulikuwa na matuta ya mihogo, michikichi michache na choo. Mwenye shamba akatoka, akawaamkia vizuri, akauliza wanapima nini. Walipomweleza alisema, "Wanangu, hizo mita 60 ndizo shamba langu lote. Nihamie wapi?"

Walinyamaza wote. Na sisi wakubwa tulinyamaza.

Mama yule mwenye shamba ana watoto, na saa ile walikuwa shuleni. Hapo ndipo naona pengo la elimu ya nyumbani, na ni pengo kubwa kuliko lile la mahudhurio alilolitaja Mzee. Hilo la mahudhurio lina msingi wake: Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe na ahudhurie shule, na mzazi anayechagua njia nyingine hawezi kujifanya haijui. Ila somo la maji lina jambo lake la pekee. Hesabu unaweza kuzijua vizuri peke yako. Kijito huwezi kukitunza peke yako. Watoto wetu walijifunza kosa la jirani kabla hawajamjua mtoto wa jirani, na mtoto huyo ndiye atakayerithi shamba lile.

Uvuvi unatuonyesha jambo hilohilo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazopakana nalo: Burundi, Kongo na Zambia. Ni miezi mitatu migumu kwa mtu anayekula kwa dagaa na migebuka. Upande mmoja ukitega huku upande mwingine umepumzika, mapumziko yale hayana faida.

Sisemi mdogo wangu awarudishe wanawe darasani ili wakariri sura ya maji kitabuni. Muda walio nao ni mali. Ninachomwambia, na tumebishana sana, ni kwamba muda huo waushiriki na wenzao wa mtaani. Amekubali safari ijayo iwe Jumamosi, ili wanangu na wa mama mwenye mihogo waje. Mama huyo ametuma ujumbe kwamba tukifika tuanzie kwake: amechimba mtaro wa kukinga maji juu ya shamba, na anataka watoto waupime kwa kamba yao.