Kiti cha kulia hakitaki bubu

Shirika la ndege likitangaza nafasi za makadeti, vijana wa kufunzwa kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, siku mbili haziishi kabla lile faili halijaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Maswali ya usaili na majibu yake, kurasa kwa kurasa, tayari kwa kukaririwa. Kwa nini unataka kuwa rubani? Tangu utotoni nilikuwa natazama ndege zikipita juu ya nyumba yetu. Udhaifu wako ni upi? Napenda mno kazi ikamilike. Jopo linasikia majibu hayohayo kwa watu wanane mfululizo, na wa tisa, ambaye pengine kweli alikuwa akitazama ndege utotoni, hana tena namna ya kuaminiwa.

Linaniuma kwa sababu ya kilichotangulia. Kuna mzazi ameuza kiwanja, kuna ukoo umechangishana, kijana amekwenda uwanja wa Wilson, Nairobi, au Afrika Kusini akarudi na CPL, leseni ya urubani wa biashara, na IR, kibali cha kuruka kwa vyombo, masaa 200 na ushei kwenye logibuku, daftari la safari zake. Anapewa dakika arobaini mbele ya watu watatu, na dakika hizo anazitumia kusoma risala ya mtu mwingine.

Mmoja kati ya hao watatu kwa kawaida ni kapteni wa mafunzo. Swali lake halisi halimo kwenye faili lolote. Anajiuliza: usiku wa manane, mvua ya Mwanza, mimi nimechoka, nikikosea, huyu ataniambia?

Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507, Boeing 737-800 ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka tangu itoke kiwandani, iliondoka Douala kuelekea Nairobi. Kushoto alikaa kapteni wa miaka 52, kulia rubani msaidizi wa miaka 23. Nje ni giza tupu. Ndege ikaanza kulalia upande wa kulia, kidogo kidogo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anatazama kioo kinachoonyesha mlalo. Otopailoti, mtambo unaojiendeshea ndege, ilidhaniwa imewashwa, kumbe bado. Onyo la mlalo lilipolia, kapteni akageuza usukani kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Hazikutimia dakika mbili tangu waruke, na watu wote 114 walikuwa wamekufa kwenye kinamasi cha mikoko. Ripoti ya wachunguzi ilitaja marubani kupotewa na mwelekeo, na ikataja pia kwamba wawili hao hawakufanya kazi kama timu: kapteni mwenye sauti na mamlaka, na kijana mpole asiyemsahihisha.

Simlaumu kijana yule, Mungu amrehemu. Alilelewa kama tulivyolelewa sote. Mkubwa hakosolewi mbele za watu. Ukimsahihisha baba mdogo wageni wakiwepo utaambiwa huna adabu. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, darasa zima linanyamaza na kulinakili kosa kwenye madaftari. Malezi hayo yana uzuri wake, na nakubali, shingo upande, kwamba kadeti mwenye adabu anafundishika upesi. Lakini kiti cha kulia kimewekwa pale ili mtu wa pili aone asichokiona wa kwanza na akiseme. Anayeona akanyamaza ameongeza uzito tu kwenye ndege.

Ndiyo maana jopo litakupa hali kama hii: mnashuka uwanja wa Songwe, Mbeya, asubuhi, ukungu umefunga, mmefika minima, kimo ambacho hamruhusiwi kushuka zaidi bila kuiona runwei, runwei haionekani, na kapteni anaendelea kushuka. Utafanya nini? Wengi wanaanguka hapa kwa njia mbili. Kuna anayesema atamwamini kapteni kwa sababu ana uzoefu. Kuna anayesema papo hapo atampokonya usukani. Wa kwanza ataua watu kwa kunyamaza, wa pili ataanzisha mieleka kwenye chumba cha marubani karibu kabisa na ardhi.

Jibu linakwenda kwa ngazi. Kwanza unataja unachokiona: "Kapteni, minima, runwei siioni." Asipojibu, unasema kinachotakiwa kufanyika: "Kapteni, tuko chini ya minima, tupande." Akiwa bado kimya, unatamka kwamba ndege umeichukua, unaongeza nguvu, unainua pua. Ngazi zote hizo zina muda mfupi kuliko unavyodhani. Mkiwa mnashuka futi 700 kwa dakika, futi 200 za mwisho ni sekunde 17. Zihesabu kwa saa ya mkononi ukiwa umekaa, halafu jaribu kuzisema sentensi zile ndani ya sekunde hizo. Mwambie kapteni wa jopo hesabu hiyo kwa mdomo wako, ataelewa kwamba umekaa ukalifikiria jambo lenyewe.

Hali ya kapteni anayefika kazini ananuka pombe nayo haikosi. Usiseme utamripoti tu, wala usiseme utamsihi anywe kahawa. Unamvuta pembeni kabla hajafika kwenye ndege, unamwambia wazi umesikia harufu, unamtaka ajitoe kwenye safari. Akikataa, unampigia afisa wa zamu, na wewe hupandi ndege hiyo.

Sasa, ujasiri wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma. Unafanyiwa mazoezi kama unavyofanyia mazoezi kutua. Mtafute mzee unayemwogopa kweli: mjomba, mwalimu wako wa zamani, mzee wa kanisa, ustadhi. Mpe shikamoo yake kama kawaida, kisha wekeni viti viwili, yeye akae kushoto. Mpe karatasi yenye hatua kumi za kusoma kwa sauti, na mwombe aruke moja au aitaje visivyo bila kukudokeza ni ipi. Ukipitisha sekunde tano hujasema, umeanguka, mnaanza upya. Wiki ya kwanza fanyeni kwa Kiswahili, kwa sababu woga wa kumkatiza mzee unaishi kwenye Kiswahili. Wiki ya pili hamieni Kiingereza, lugha ya usaili na ya kazi yenyewe. Jioni tatu kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Jirekodi kwa simu. Utasikia mara ngapi umeanza na "samahani, labda, nadhani", na hayo ndiyo maneno ya kwanza kuyakata.

Jambo la pili linatoka kwenye mzizi huohuo: kufikiri kwa sauti. Mtoto aliyezoea kusema pale tu anapokuwa na jibu sahihi ananyamaza akiulizwa hesabu, anapiga kichwani, kisha anatoa namba moja. Jopo halikuona kitu. Chukua swali hili: uko futi 24,000 kwenye Q400, ndege ya propela, unakwenda uwanja wa Kilimanjaro (KIA), utaanza kushuka umbali gani? Aliyekariri anahesabu maili 3 kwa kila futi elfu, anazidisha 24 kwa 3 na kusema maili 72 za baharini. Kanuni ni yenyewe, ila uwanja umesahaulika. KIA iko karibu futi 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo unachoshuka ni futi 21,000, maili 63, na unaongeza kama 5 hadi 10 za kupunguza mwendo. Ukishasema 72 na ukagundua, usijifiche. Sema: "Nimesahau mwinuko wa uwanja, narekebisha, 63." Sentensi hiyo ina thamani kubwa kuliko kupata 63 mara ya kwanza, maana kapteni amekuona ukikamata kosa lako mwenyewe bila kutetemeka. Ataendelea: utashuka kwa kasi gani? Mwendo juu ya ardhi mara 5. Noti 280, yaani maili za baharini kwa saa, futi 1,400 kwa dakika. Na upepo wa nyuma wa noti 20? Noti 300, futi 1,500. Yote hayo kwa sauti.

Vivyo hivyo kwa altimita, kipimo cha kimo. Umeiacha kwenye 1013, kanieneo ya kawaida ya hewa, kumbe QNH, kanieneo ya mahali hapo kwa usawa wa bahari, ni 1003. Kila hektopaskali ni karibu futi 30 ukiwa chini, kwa hiyo umekosea kama futi 300, na swali la kweli ni upande gani. Altimita inasoma juu kuliko ulipo, yaani wewe uko chini zaidi ya unavyoamini. Anayejibu "futi 300" akaishia hapo hajajibu. Na joto: Nairobi, JKIA, futi 5,330. Kwa hali ya kawaida kimo hicho kingekuwa na nyuzi 4 na nusu hivi, alasiri ni 26, tofauti karibu 21 na nusu. Zidisha kwa 120, futi za kila nyuzi moja, ongeza kwenye kimo cha uwanja, na ndege inajiona kama iko karibu futi 7,900. Kisha eleza maana yake: runwei inaliwa ndefu zaidi na kupanda kunalegea. Asiye na saa hata moja ya kuruka hataulizwa haya, ataulizwa fizikia ya sekondari, nayo aieleze kama anamfundisha mdogo wake.

Zoezi la kikundi kwenye usaili nalo linapima jambo hilohilo. Watu sita mpaka wanane, karatasi moja, tatizo moja, dakika ishirini au thelathini, na watu kando wanaandika. Kila mtu amesoma mahali kwamba aonekane kiongozi, basi wote wanasema kwa pamoja. Chukua kazi ya saa: "Zimebaki dakika nane, tumekubaliana mawili, bado matatu." Na yule aliyekaa kimya mwisho wa meza, mgeukie umuulize anaonaje. Hiyo si huruma ya kujionyesha, ndiyo kazi yenyewe ya chumba cha marubani.

Majaribio ya kompyuta yanaogopewa kupita kiasi. Hesabu za kichwa dakika ishirini kila siku kwa wiki sita, bila kikokotoo, na mchezo wowote wa kufuata nukta kwa mkono huku unajibu kitu kingine. Kinachoangusha watu ni kushikilia kazi moja waifanye kikamilifu na kuziacha nyingine zife. Zote ziende, kila moja kwa wastani.

Kwenye simyuleta, mashine ya kuiga ndege, kabla ya kuruka uliza namba mbili: mwinamo wa pua na nguvu ya injini kwa ndege iliyonyooka kwenye mwendo watakaokutaka. Weka hizo, tuliza kwa trimu, kirekebishi kinachoondoa uzito kwenye usukani, kisha rekebisha kidogo. Waliozoea Cessna, ndege ndogo za kujifunzia, wanafukuza sindano za vipimo na ndege inayumba mpaka mwisho.

Logibuku ijumlishwe upya, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya siku hiyo. Jumla zisizooana zinaleta swali baya kuliko masaa machache. Wataifungua kwenye ile safari yako ndefu ya CPL, maili 300 za baharini, wataomba uieleze: hali ya hewa, mafuta, ulikosea wapi. Ukisema hukukosea popote hawatakuamini.

Cheti cha afya daraja la kwanza kitangulie ada ya shule, si baada. Kuna vijana wanaogundua kwenye vitabu vya Ishihara, vya kupima macho kwa nukta za rangi, kwamba hawatofautishi rangi wakati kiwanja kimeshauzwa. Inaumiza, na inaepukika kwa asubuhi moja ya uchunguzi.

Ndege za shirika unaloomba zijue. Air Tanzania wana A220-300, Q400 na 787-8, pamoja na 737 MAX 9, na 767 ya mizigo. Precision Air wanarusha ATR, za propela. Viatu ving'ae, vyeti halisi viwemo kwenye bahasha. Mkataba wa kulitumikia shirika usome miaka na fedha kabla ya kusaini.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiulize mshahara. Uliza hivi: rubani msaidizi mpya akiona kapteni anakosea, taratibu zenu zinamtaka atamke maneno gani? Mashirika mengi yana maneno yake maalumu kwenye kitabu cha taratibu. Jibu watakalokupa liandike ukitoka mlangoni, uende nalo kwa yule mzee wa kiti cha kushoto jioni hiyohiyo.