Mwimbaji Kaenda Wapi?

Zile hedifoni zisizo na waya nilizitumia wiki mbili tu. Ya kushoto ilinichomoka sikioni nimening'inia mlangoni mwa daladala, tunaingia Mbagala Rangi Tatu. Ikadunda mara moja kwenye lami, ikazama mtaroni. Konda ananiuliza, "Mzee, unashuka?" Nishuke nikafanye nini, nikavue kwa ndoano? Ya kulia ninayo mpaka leo. Kila nikifungua kijisanduku chake inawaka kijitaa, inamtafuta mwenzake.

Nikasema basi, narudi kwenye waya. Waya ukikutoka sikioni unaning'inia shingoni, unauokota, safari inaendelea. Kwenye foleni dogo mmoja akanipitishia dirishani hedifoni za buku tatu. "Og hizo, mzee. Besi nzito." Nyuma ya boksi wameandika: Hz 20 mpaka 20,000. Nikajiona nimeokota dodo. Baadaye fundi simu wa mtaani kwetu ndiye akanipa habari kwamba hizo ndizo sauti ambazo sikio la binadamu linaweza kuzisikia. Kwa hiyo boksi zima linajisifu kwamba hedifoni zinasikika.

Nafika nyumbani, simu yangu haina tundu. Nimeigeuza juu chini, nimeimulika na tochi, hakuna! Kuna kile cha kuchajia tu. Wenyewe Wamarekani, walipotoa iPhone 7 mwaka 2016 bila tundu la milimita 3.5, walisimama jukwaani wakasema huo ni ujasiri. Ujasiri! Fundi cherehani wangu akinishonea suruali isiyo na mifuko, akaniambia ni ujasiri, tutamalizana serikali za mtaa. Na kampuni nyingine nazo zikafuata mkumbo, mpaka ujasiri ukanifikia mimi Mbagala.

Nikanunua kile kichwa cha kugeuzia, upande huu Type-C, yaani ile pini ya kuingia penye chaji, upande huu tundu. Nachomeka: kimya. Kumbe simu nyingine hapo kwenye Type-C zinatoa tarakimu tupu, na kichwa chenyewe lazima kiwe na chipu ndani ya kuzigeuza kuwa sauti. Changu kilikuwa na waya na plastiki.

Mama Zuhura akaniona nimejiinamia, akanipa simu yake, ya zamani, yenye tundu lake. Nikaweka taarabu. Kinanda hicho, gitaa hilo, waitikiaji wanasikika kwa mbali kama wako kwa jirani. Mwimbaji hayupo. Nimesubiri beti la kwanza, la pili. Hayupo!

"Mama Zuhura, huyu mama kaenda wapi?"

"Nani?"

"Anayeimba."

Akachukua hedifoni, akasikiliza, akaniangalia kwa huruma. "Baba Zuhura, labda kachoka."

Nikabonyeza kile kitufe cha kupokelea simu. Mwimbaji akarudi, katikati ya neno! Nikaachia, akaondoka. Nikasikiliza taarabu dakika nane nimebana kitufe kama mgonjwa anayepimwa presha.

Fundi simu alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Pini ya hedifoni yenye maiki ina mikanda mitatu myeusi, inagawa chuma vipande vinne: kushoto, kulia, maiki na ethi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Kuna zilizotengenezwa kwa mpangilio wa zamani, maiki na ethi zimebadilishana viti. Ethi isiposhika, sauti ya kushoto na ya kulia zinatoana, na kile kilichorekodiwa sawasawa pande zote mbili kinafutika. Nacho ni nini? Ni mwimbaji, maana yeye huwekwa katikati. Ukibonyeza kitufe unakuwa umeunganisha maiki na ethi, na mambo yanakaa sawa. Yaani nililipa buku tatu kumfukuza mtu niliyetaka kumsikiliza.

Hasira zikanipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Nikataka nzuri, za waya, za Type-C, zenye chipu yake humo humo. Muuzaji akaniuliza nataka omu ngapi. Mimi omu nazijua kwa mafundi umeme! Kumbe ni ukinzani: za omu 16 au 32 simu inazisukuma bila shida, ukijitia ukubwa ukachukua za 300 utasikia mbu. Nikalipa elfu arobaini na tano. Mama Zuhura anajua ni kumi na tano, tuyaache hapo.

Ndani kuna mipira ya masikio saizi tatu. Mpira usipoziba vizuri, besi yote inavuja. Ndivyo nilivyogundua, na umri huu, kwamba sikio langu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Kulia kubwa, kushoto ya kati. Nimeoa, nimezaa, nimepiga picha za pasipoti, hakuna aliyewahi kuniambia.

Basi nikasikiliza. Jamani! Nimemsikia mpiga gitaa akiburuza kidole kwenye uzi. Nimemsikia mwimbaji akivuta pumzi. Halafu nikasikia matoazi yanatatarika kama samaki kwenye mafuta ya moto, na muziki wote una kutu. Nikamrudia fundi mbio. "Hedifoni nzima, mzee. Nyimbo zako ndizo mbovu, zimebanwa sana ili zijae nyingi kwenye memori kadi." Nyimbo mia sita, na miaka yote nilikuwa nazipenda.

Zile za buku tatu nilimpelekea baba mkwe Mkuranga. Kitochi chake, kile kisimu cha batani, hakikamati redio mpaka uchomeke hedifoni, waya ndio antena. Juzi nimemkuta barazani, kafungulia spika ya nje, Simba wanacheza, waya umetundikwa kwenye msumari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hizi ulizoniletea ni kiboko. Hazikwaruzi hata kidogo. Siku ukipita mjini niletee nyingine za akiba."

Masikioni hajawahi kuzitia.