Bibi Anayepaliwa Naye Apimwe

Ugonjwa wa niuroni za mwendo, unaoua seli za fahamu zinazoiendesha misuli, tumeujua kupitia wanaume waliopatwa mapema. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, aliambiwa anao mwaka 1963, akiwa na miaka 21. Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli wa Marekani, aliambiwa mwaka 1939 akiwa na 36. Joost van der Westhuizen wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa raga mwaka 1995, alifariki 2017 akiwa na 45. Nawaheshimu wote, lakini nahofia wametufanya tusiwaone wagonjwa walio wengi.

Ugonjwa huu ni nadra kabla ya miaka 40. Huko Ulaya, ambako takwimu nyingi zimekusanywa, huwapata zaidi watu wa miaka 60 hadi 79. Wanaume huugua zaidi, ni kweli: kwa kila wanawake 10, wanaume 12 hadi 15. Ila pengo hilo ni kubwa kwa wenye umri mdogo. Baada ya miaka 70 hupungua sana. Wapo watafiti wanaodhani homoni ya kike ya estrojeni humkinga mwanamke mpaka hedhi inapokoma. Hoja ina uzito, ingawa haijathibitishwa.

Sasa mtazame mwanamke mzee. Kwake ugonjwa mara nyingi hauanzii mkononi wala mguuni, huanzia kinywani. Ulimi unakuwa mzito, maneno hayatoki sawasawa, chai inampalia, mwili unakonda. Nyumbani tunasema ni uzee. Akifika hospitali, kinachotajwa kwanza ni kiharusi. Lakini kiharusi huja ghafla, huku huyu bibi amekuwa akizidiwa polepole, mwezi baada ya mwezi.

Tiba ya kuponya haipo. Hata hivyo dawa ya riluzole huuchelewesha ugonjwa kidogo, na mipira ya kulishia na mashine za kusaidia kupumua hufaa zikipangwa mapema. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tu tangu dalili za kwanza; kumzungusha mgonjwa mwaka mzima ni kumnyang'anya sehemu kubwa ya muda huo, na mimi hilo siwezi kulikubali.

Ukimpeleka bibi kliniki, mweleze daktari maneno yalianza kuharibika lini na yamezidi vipi. Kisha omba rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, hata kama bibi ana miaka 78.